Kamba Inashikwa, Haifungwi

Wenzangu mliobaki ofisini mmenitaka niandike jinsi tulivyoanza kucheza ngoma na watu wasioona, wasiosikia, na wale ambao miguu au akili zao zina mwendo wake. Mnasema siku hizi mna semina za jambo hilo na mnafundishwa kana kwamba limeanza juzi. Haya, naandika. Habari za vyeo naziacha, maana vilikuja vimechelewa na havikunifundisha kitu. Nitaandika habari za woga. Mimi ni mwoga wa kuzaliwa, na kazi yangu yote niliifanya nikiogopa kwamba mtu ataumia mikononi mwangu. Mtoto mmoja nusura afe, na sababu yake ilikuwa huko kuogopa kwangu. Hilo ndilo nataka mlijue kabla hamjaenda semina nyingine.

Niliripoti Same miaka ile ya foleni, wakati sukari ilitoka kwa kibali na mtu akikuona umebeba kipande cha sabuni anakuuliza umekipata wapi. Ofisi ya utamaduni ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati, na ngoma tatu zilizoliwa ngozi na panya. Tuliandika barua nyuma ya fomu za zamani. Mkuu wangu alikuwa mtu mnene mwenye haraka, na siku ya kwanza alinikabidhi karatasi iliyosema niunde kikundi cha "wasiojiweza" kitakachotumbuiza kwenye sherehe. Nyinyi sasa mnasema watu wenye ulemavu, na mnasema vizuri. Mimi wakati ule sikuona kosa lolote katika lile neno. Niliona kosa kupewa kazi ile mimi.

"Wakianguka je?" nilimuuliza.

"Utawainua," akasema, akaendelea kutafuta kalamu yake.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa kwenye ukumbi karibu na reli. Nilikuja na pamba, dawa ya vidonda na filimbi. Walikuja watu saba. Wawili lazima muwajue. Hasani alikuwa haoni tangu utotoni. Alitoka kwenye moja ya zile familia za Kiislamu zilizofanya biashara pale barabarani tangu enzi za mababu, na dukani kwa kaka yake alipima mchele kwa kopo bila kumwaga punje. Eliwaza alikuwa fundi cherehani, hasikii kabisa, na uso wake ulikuwa ukisema mambo ambayo wengine tungehitaji mkutano mzima kuyasema. Nilipopuliza filimbi kuanza mazoezi, wote waligeuka isipokuwa yeye. Alipoona wenzake wamenigeukia, akaitazama ile filimbi mdomoni mwangu, kisha akanitazama mimi kwa huruma. Sikuipuliza tena.

Kwa woga nikawaketisha wote kwenye mabenchi. Nilisema tutacheza kwa mikono na mabega, mtu yeyote asisimame. Tulicheza hivyo wiki tatu na hakuna aliyeanguka, nami nikawa nalala usingizi. Kisha akaja Mzee Likonde.

Mzee huyu alikuja kutoka kusini akiwa kijana, manamba wa mashamba ya katani, na mashine ya kuchakata katani, ile wanayoiita korona, ilimchukua mkono wa kushoto chini kidogo ya kiwiko. Akabaki na kigutu, na kwa mkono mmoja uliobaki alipiga ngoma kuliko watu niliowajua wenye miwili. Nilimwomba atupigie. Akapiga kidogo, akatutazama pale kwenye mabenchi, akaacha.

"Bwana mdogo," akasema, "hii ni ngoma au ni mkutano wa kijiji?"

"Shikamoo, Mzee. Nachelea wataanguka."

"Marahaba. Mimi nilikatwa mkono nikiwa nimesimama wima, sikuanguka. Kuanguka ni kitu kidogo sana."

Wiki iliyofuata alikuja na kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe. Ilikuwa ndefu kutoka mlango wa ukumbi hadi ukuta wa pili na kurudi nusu. Sikilizeni jinsi ilivyotengenezwa, maana najua mtakwenda dukani kununua ya nailoni inayokata viganja. Ukishaisokota, unaipitisha haraka juu ya moto wa majani ili vile vinyweleo viungue, unailoweka, unaikausha kivulini, kisha unaipaka mafuta ya kondoo hadi iwe laini. Kila baada ya urefu wa mikono miwili unapiga fundo. Fundo ni mahali pa mtu. Hasani alishika fundo la mbele, akijua kwa mvuto wa nyuma yake kama mstari umenyooka au umepinda. Mwisho wa kamba Mzee Likonde aliuzungusha mara moja kwenye kigutu chake, na kila alipopiga ngoma alikivuta kile kigutu kidogo. Pigo lilisafiri kwenye kamba. Eliwaza alilipokea viganjani, na mara ya kwanza lilipomfikia aliiachia kamba kama ameshika kaa la moto. Kisha akaishika tena na hakuiachia hadi jioni.

Kanuni ilikuwa moja tu, na Mzee aliirudia kila siku tulipoanza: "Kamba inashikwa, haifungwi." Anayeteleza aachie, aanguke peke yake, ainuke, atafute fundo lake. Ukimfunga mtu, akianguka anaangusha wote, na akitaka kutoka hawezi. Niliiandika kanuni hiyo kwa mkono wangu kwenye daftari la mazoezi. Nalisema hili ili msije mkafikiri sikuijua.

Miaka ikaenda. Ikaja ruksa ya kufanya biashara, maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa chini sokoni, mashamba ya katani yakafungwa moja baada ya jingine, na ofisini tukaanza kusikia neno kupunguzwa. Kila barua ya bahasha ya kahawia ilinifanya niende chooni kabla ya kuifungua. Wakati huo huo wafadhili walianza kuja na magari meupe, wakitaka kuona vikundi. Mkuu akaniambia nipande milimani nitafute washiriki zaidi, kwa sababu kikundi cha mjini peke yake hakipendezi kwenye ripoti.

Ndivyo nilivyofika kwa Mama Eliudi. Kitongoji chake nitakiacha bila jina kwa sababu watu wake wapo. Nilibisha hodi uani, hakuna aliyejibu. Nyuma ya jiko nikamkuta mtoto wa kike wa miaka kama kumi na mmoja amekaa chini, amefungwa kamba kiunoni, na kamba imefungwa kwenye nguzo. Pembeni yake palikuwa na bakuli la maji na ndizi za kuchemsha zilizofunikwa vizuri na jani. Hakulia wala hakushtuka. Alikuwa akiyumba mbele na nyuma taratibu. Mimi ndiye niliyeshtuka, nikakaa kwenye gogo.

Mama yake alirudi akiwa na jembe begani na matope hadi magotini. Aliponikuta akasimama.

"Umetumwa na serikali kunikamata?"

"Hapana, mama. Mimi wa ngoma."

Alinitazama kama mtu aliyeelezwa kitu kwa lugha ya mbali. Kisha akamfungua mtoto, akampangusa uso kwa kanga, akamsemesha kwa Chasu, lugha ya huko milimani, ndipo akageuka kunijibu. Mtoto aliitwa Nakiete. Hakuwa na maneno, na hatari haikumwingia akilini. Angeuona moto akauendea, angeuona ukingo wa shamba la matuta akatembea hadi mwisho na kupitiliza. Baba yake alikwenda Mererani kuchimba mawe, wakaambiwa yu hai, basi. Na juu ya nyumba, mwendo wa dakika chache, palikuwa na ndiva.

Kwa ambao hamkukulia kwetu, ndiva ni bwawa la kuchimbwa na kujengewa kingo za udongo na mawe, ambalo wazee wetu walilitumia kukusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenye mifereji. Kila kaya ina zamu. Ukikosa zamu yako mahindi yanakauka, na hakuna wa kukusubiri. Mama huyu kila Alhamisi alipanda kufungua maji yake, na siku nyingine alilima. Mtoto wake wa kwanza, mvulana aliyeitwa Eliudi, alimfuata siku moja bila yeye kujua. Walimkuta ndani ya maji. Lakini kwa desturi yetu mama huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, kwa hiyo watu waliendelea kumwita Mama Eliudi, asubuhi na jioni, kila salamu. Nami nikamwita hivyo hivyo. Sikujua namna nyingine.

Nilimshawishi kwa wiki kadhaa. Jumamosi alikuwa akishuka Same kuuza ndizi, basi nikamwambia amlete Nakiete ukumbini, awe nasi hadi amalize soko. Mwishowe akakubali kwa sharti moja. Alinishika mkono wa shati akasema, "Afisa, huko hatafungwa?" Nikamwambia hatafungwa. Akauliza tena. Nikaapa.

Jumamosi ya kwanza Nakiete alipoiona kamba yetu ilivyolala sakafuni, akarudi nyuma hadi ukutani akabaki amebana pale. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hatukumlazimisha. Jumamosi ya tatu alikuja kuigusa kwa kidole cha mguu. Ya tano akashika fundo. Alicheza hatua tatu, akasita, akapiga ya nne kwa kuchelewa. Nilitaka kumrekebisha, Mzee Likonde akanikataza. Tukarudia, akachelewa pale pale. Tukarudia mara kumi.

"Anayekosea pale pale kila mara," akasema Mzee, "huyo hajakosea. Sisi ndio hatujamsikia." Akaongeza pigo moja zito kwenye ngoma, pale kwenye mchelewo wa Nakiete, na ngoma nzima ikakaa sawa. Tangu siku ile sote tulicheza kwa hatua yake. Mgeni angedhani ni mtindo wa mababu. Mama Eliudi alipokuja kumchukua alisimama mlangoni na karai lake tupu la ndizi, hakuingia, akatazama hadi mwisho. Njiani, nikaambiwa baadaye, aliwasimulia wenzake hadi walipofika kwenye kijito.

Hatari ilikuja na bahasha ya kahawia. Ndani yake hapakuwa na kupunguzwa; palikuwa na mwaliko. Ile ndiva ya kwao Nakiete ilikuwa imekarabatiwa kwa msaada wa wafadhili, kingo zimeinuliwa, na kikundi chetu kitumbuize siku ya uzinduzi, pale pale chini ya ukingo. Nilisoma ile barua mara mbili. Ningeweza kukataa. Ningeweza kumwacha Nakiete kwa jirani siku ile. Lakini mgeni rasmi alikuwa ameambiwa habari za mtoto wa kitongoji kile atakayecheza, na orodha ya watumishi wa kupunguzwa ilikuwa bado haijatoka. Kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, wanasema. Mimi nilikimbiza zangu kwa kuhatarisha za wengine.

Tulipanda kwa pikapu ya mfanyabiashara wa maharage, wacheza ngoma kumi na wawili; Nakiete alikuwa akitusubiri juu. Uwanja ulikuwa kipande chembamba cha udongo mpya. Upande mmoja matuta ya mahindi yalishuka mteremko mkali. Upande wa pili ukingo ulipanda juu kimo cha mtu na nusu, na nyuma yake ndiva ilikuwa imejaa. Nilipanda kuchungulia. Sikuwahi kuiona imejaa namna ile. Maji yalikuwa ya kijani, hayatikisiki, na kwa upande wa ndani mawe yalishuka moja kwa moja hadi yasipoonekana. Niliteremka nikiwa nimeloa jasho.

Mama Eliudi alikuwa amejipanga na kina mama wenye majembe, watakaofungua mlango wa maji mbele ya wageni. Mzee Likonde alikuwa kando akiipasha ngoma kwenye moto, maana ngozi ilikuwa imelegea kwa baridi ya milimani. Wacheza ngoma walikuwa wameshika mafundo yao. Nakiete alishika lake, la mwisho kabla ya kipande cha kamba kilichokwenda kwa Mzee. Alikuwa ametulia. Mimi ndiye niliyekuwa sijatulia. Nilitazama ukingo, nikamtazama yeye, nikasikia sauti ya mama yule ikiniuliza kama hatafungwa, nikajiambia leo tu, nusu saa tu. Nikachukua mkunjo wa kamba uliolegea karibu na fundo lake, nikauzungusha kiunoni mwake, nikapiga fundo mara mbili.

Eliwaza aliniona. Alitikisa kichwa kwa nguvu, akaonyesha viganja vyake vilivyo wazi, yaani achia. Nikageuza macho.

Ngoma ikalia. Pigo la kwanza likasafiri kwenye kamba, kamba ikakaza kiunoni kwa Nakiete, naye akakaa chini.

Hakulia. Hakupiga kelele. Alikaa tu chini, kama alivyokaa kila siku nyuma ya jiko kamba ilipokaza, akaanza kuyumba mbele na nyuma. Mbele Hasani alikuwa tayari amepiga hatua, akavutwa, mstari ukakunjika, watu wawili wakaanguka. Wageni wakacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Nilimkimbilia nikamshika kwapani nimwinue, na hapo ndipo alipopata hofu. Aliniuma mkono, kovu ninalo, akachomoka. Kamba iliwatoka wenzake viganjani ikiwaunguza. Alipanda ule ukingo kwa mikono na miguu, kamba ikimfuata nyuma, akafika juu, akapitiliza. Kamba nayo ikapanda ikateremka upande wa pili, fundo moja, fundo jingine, fundo jingine. Nikasikia maji.

Sitawadanganya: sikukimbia. Miguu ilikataa. Nilisimama pale nikiwa afisa wa serikali mwenye tai, nikayahesabu yale mafundo yakipotea. Aliyenipita ni mama yake, akiwa bado na jembe mkononi, na Eliwaza nyuma yake.

Nilipofika juu niliwakuta wote watatu majini. Kamba ilikuwa imenasa kati ya mawe mapya ya ukingo, na ndiyo iliyomshika Nakiete kiunoni, maji yakiwa shingoni, asiweze kuzama wala kutoka. Kila alipojirusha ilimrudisha kwenye mawe. Mama yake alimkumbatia kwa mkono mmoja na kwa mwingine akihangaika na fundo langu. Kamba ya katani ikilowa hukaza. Alitumia kucha, akatumia meno. Mzee Likonde, aliyepanda akihema, alirusha kisu chake cha katani, Eliwaza akakidaka, wakakata.

Walimlaza juu ya ukingo. Alikohoa, akatapika maji, akapumua. Kiuno kilikuwa kimechubuka mviringo mzima. Mama Eliudi aliketi amempakata, nguo zikichuruzika, akakitazama kile kipande cha kamba chenye fundo mara mbili. Aliligeuza geuza. Kisha akainua macho akanitafuta kati ya watu.

"Mimi nilimfunga kwa sababu niko peke yangu," akasema. "Nyinyi mlikuwa kumi na wawili."

Alimbeba mtoto mgongoni akateremka.

Kwenye ripoti niliandika kwamba kikundi kilitumbuiza na wananchi walifurahi. Mtaikuta kwenye faili kama panya wameiacha. Orodha ya kupunguzwa ilitoka na jina langu halikuwamo, nami sikupata furaha yoyote. Jumamosi iliyofuata Nakiete hakuletwa. Wanawake wa sokoni waliniambia amerudishwa kwenye nguzo, na kwamba sasa mafundo ni mawili. Ukumbini hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Eliwaza alipoingia alikuwa akikaa nyuma ya benchi langu, mahali ambapo sikuweza kuuona uso wake.

Mzee Likonde ndiye aliyesema, siku tukiwa wawili tukiwamba ngozi mpya. "Woga ulikuwa wako, bwana mdogo. Ukamfunga mtoto ili wewe utulie."

"Nifanyeje sasa, Mzee?"

"Mimi najua? Kamuulize aliye peke yake."

Ilinichukua zaidi ya mwezi kupata moyo wa kufikiri juu ya jibu lile, kwa sababu kila nilipolifikiri niliyaona yale maji ya kijani. Kisha nikaelewa jambo lililokuwa wazi kwa mtu yeyote isipokuwa afisa. Tulikuwa tumepanga mazoezi siku iliyotufaa sisi, Jumamosi, ukumbini. Siku iliyomtesa yule mama ilikuwa Alhamisi, uani kwake. Nikahamisha mazoezi. Sikuomba kibali. Tulipangana watu watano kila wiki, kwa zamu kama ya maji yenyewe, tupande na pikapu ya maharage na kumalizia kwa miguu. Kamba tuliiacha mjini.

Alhamisi ya kwanza nilikwenda na Mzee Likonde, Hasani, Eliwaza na kijana mmoja wa magongo. Hasani alipanda mlima ameshika bega la Eliwaza, akitania kwamba milima yetu imezidishwa chumvi. Mimi sikuweza kucheka. Tulimkuta Mama Eliudi uani, jembe liko tayari, kamba iko mkononi.

"Shikamoo, Mzee," akamwambia Likonde. Mimi hakunisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kukaa na mtoto. Wewe nenda kwenye maji yako."

Alitutazama mmoja mmoja. Asiyeona, asiyesikia, mwenye mkono mmoja, mwenye magongo, na mimi. Sitamlaumu kwa alichokifikiri. Wakati anafikiri, Nakiete alikuwa ameliona jembe. Akaondoka peke yake, akaenda kwenye nguzo, akageuka akaiegemea, akainua mikono yote miwili juu ili afungwe.

Hakuna aliyesogea. Mtoto alisubiri mikono ikiwa juu, akamtazama mama yake, akatutazama sisi. Hasani akauliza taratibu, "Kuna nini?" Kisha Eliwaza akaenda, akaushika mkono mmoja wa Nakiete ule ule ulioinuliwa, akauteremsha taratibu hadi usawa wa kifua, akaubonyeza mara tatu, akasubiri, akabonyeza ya nne. Nakiete alikitazama kiganja. Mimi nikajikuta nimeenda kuushika mkono wa pili. Ulikuwa mkavu na wa moto. Wangu aliushika kwa nguvu.

Mama Eliudi akaiweka kamba chini. Aliondoka, akageuka, akaenda, akageuka tena kwenye mgomba wa mwisho. Kisha hatukumwona.

Tulicheza. Mzee alipiga kwenye dumu, hakuja na ngoma. Mikono badala ya kamba, kubonyezana badala ya kuvutana, na ndivyo mnavyofanya hadi leo bila kujua ilitoka wapi. Nakiete alichelewa pale pale, nasi tukachelewa naye. Mara mbili alijaribu kwenda upande wa njia ya ndiva, na mara mbili mstari mzima ukaenda naye hatua chache ukarudi naye. Hakuna aliyemvuta.

Zamu ya maji huisha jua likiwa utosini. Jua likafika utosini likapita, mama hakurudi. Nikamtazama Mzee, akainua mabega. Kivuli cha nyumba kikaanza kuingia uani. Nikafikiri ameteleza. Nikafikiri ametuachia mtoto na kwenda zake Mererani. Nikaona ukingo, nikaona lile jembe likielea. Nilimwambia Hasani naenda kumtafuta, akasema ukiachia mkono huo mimi sijui mtoto yuko wapi. Basi nikabaki, nikicheza hatua tatu na ya nne.

Ndipo tukamsikia kwenye njia. Alikuwa akiongea na mtu na kucheka, wakaagana, akaingia uani amebeba jembe begani, matope yamekwisha kumkauka miguuni. Nilikuwa nimejaa hasira za woga, nikataka kumuuliza alikuwa wapi. Akanitangulia.

"Nisameheni, nimechelewa," akasema. "Maji yaliisha mapema. Nilikaa na wenzangu tukapiga soga." Akasimama kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka. "Tangu Eliudi sijawahi kukaa."